Fisi wa Mguu Mmoja

Nilianza kazi mwaka wa kabeji. Waliokuwa Isiolo wakati huo hawahitaji kuelezwa, lakini nyinyi walimu wadogo mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nitawaeleza. Mvua ilikataa, ng'ombe wakaisha, halafu malori yakaanza kushuka kutoka Meru yamejaa kabeji kwa sababu huko juu zilikuwa zinaoza shambani. Wanaume ambao hawajawahi kutia jani mdomoni, watu wa nyama na maziwa, walikaa nje ya nyumba zao wakala kabeji ya kuchemsha huku wakitazama upande mwingine, kama mtu anayechomwa sindano. Asubuhi kabeji, jioni kabeji. Ukiingia kanisani unainusa, ukipita karibu na msikiti unainusa. Mwaka huo ndio niliingia shule ya chekechea, na sikuingia kama mwalimu. Niliingia kupika kabeji.

Sasa nimestaafu. Wamenipa blanketi na chupa ya chai, wakaimba, wakapiga picha. Mwalimu Kendi, aliyechukua darasa langu, ameniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikifundisha watoto maneno kwa ile hadithi ya fisi. Nilimuuliza anaitakia nini. Akasema ni walimu wengine wasome. Nikamuuliza, walimu gani, na wakishasoma watafanya nini nayo. Akacheka, akasema, "Shosh," ndivyo vijana wanavyoita bibi, "si kila mtu ni mwizi." Mimi sikucheka. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni kwamba anayekuomba kitu huku anacheka, umpe polepole.

Basi nampa polepole.

Shule yetu ilikuwa kibanda cha mabati upande wa barabara ya Gotu, sakafu ya mchanga, uwanja wa mchanga, ua wa miiba. Mwenye shule alikuwa Mwalimu Darmi, mama wa Kiborana, mnene, mwenye filimbi shingoni aliyokuwa haipigi kamwe. Alisema watoto wakijua filimbi ipo inatosha. Watoto walitoka kila nyumba. Huyu anaongea Kiborana, huyu Kiturkana kama mimi, huyu Kisomali, huyu wa watu wa miraa anaongea Kimeru, na Kiswahili hakuna aliyekuja nacho. Walikaa kwenye mkeka mmoja kama watu wa safari waliokutana kituoni, kila mmoja ameshika mzigo wake.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa naosha sufuria, Mwalimu Darmi akaniita. "Wewe si Mturkana? Njoo umsikie huyu." Kulikuwa na kijana mdogo amesimama katikati ya darasa, ameshika suruali, analia. Mwalimu alikuwa amempa maji, hakutaka. Amempa uji, hakutaka. Nikainama nikamuuliza kwa Kiturkana. Alikuwa anataka kukojoa. Lakini kufikia tulipoelewana, hakuwa anataka tena.

Nilimwosha, nikarudi kwa sufuria zangu, nikafikiri. Nyinyi mmefundishwa chuoni neno ni nini, na sikatai. Mimi siku hiyo niliona neno ni kitu cha kukuokoa na aibu. Mtoto asiye na neno ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo. Kesho yake Mwalimu Darmi aliniambia niache sufuria niketi darasani. Kabeji akapewa mtu mwingine, na sikumwonea wivu.

Hadithi ya fisi mnaijua. Kila mtu hapa anaijua, kwa lugha yake. Fisi alikuwa na njaa, akasikia harufu ya nyama. Akafuata harufu mpaka mahali ambapo njia inagawanyika. Upande wa kulia kuna harufu ya nyama, upande wa kushoto kuna harufu ya nyama. Akashindwa kuchagua. Akaweka miguu ya kulia njia ya kulia, miguu ya kushoto njia ya kushoto, akatembea. Akapasuka. Ndiyo hiyo tu. Ukiisimulia haraka inaisha kabla chai haijapoa. Mimi na Mwalimu Darmi tuliisimulia muhula mzima.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Wazazi wa hapa hawapatani juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili walipatana: hadithi haisimuliwi mchana. Kila nyumba ilikuwa na adhabu yake. Wengine walisema ukisimulia mchana mbuzi hupotea, wengine walisema mama yako huziba masikio. Mwalimu Darmi hakubishana nao. Alitundika magunia kwenye madirisha, akafunga mlango, darasa likawa giza, akauliza, "Sasa ni nini?" Watoto wakajibu, "Ni usiku." Basi akaanza. Neno la kwanza la Kiswahili katika shule ile lilikuwa usiku, na lilifundishwa saa tatu asubuhi. Siku nyingine mtoto mmoja au wawili walilala kabisa. Tuliwaacha. Hao walikuwa wameelewa kuliko wenzao.

Nawaambia jinsi tulivyofanya, kwa sababu mtu akiwaambia hadithi hufundisha maneno yenyewe, msimwamini. Hadithi haifundishi kitu. Mtoto atakaa, atafungua mdomo, atacheka wenzake wakicheka, na ukimuuliza "Umeelewa?" atasema "Ndiyo." Mtoto anayesema ndiyo haraka hajaelewa. Amejifunza neno moja tu, hilo la ndiyo, na analitumia kukufukuza. Nilikuwa nikiambiwa ndiyo, nauliza tena kwa kitu. Leta mfupa. Nionyeshe kulia. Nuka hapa, uniambie.

Kwa neno harufu, nilikuwa nakaanga mafuta ya kondoo nyuma ya gunia, watoto hawaoni, pua zinainuka zenyewe. Hapo ndipo unasema harufu, mara moja tu, taratibu. Halitoki tena. Kwa neno pasuka, nilikuwa na lesso kuukuu, nairarua mbele yao, ile sauti. Lesso ziliisha nyumbani kwangu. Kwa kulia na kushoto, tulichora njia mbili uwanjani, mtoto anasimama penye mgawanyiko, anatanua miguu mpaka anaanguka, wenzake wanasema mguu gani umeenda wapi. Na sikuruhusu hadithi iendelee mpaka neno la jana litoke kwa kila mdomo. Fisi alikuwa anakaa pale penye njia mbili wiki nzima, akingoja mtoto mmoja aseme kushoto.

Kuna wakati walikuja wageni wenye picha. Picha ya fisi ilikuwa kubwa, ya rangi, imepakwa plastiki. Watoto waliitazama wakasema, "Mbwa." Yule mgeni akasema, "Hapana, ni fisi." Watoto wakaitazama tena, wakasema kwa heshima, "Mbwa mgonjwa." Nikaitundika nyuma ya mlango, maana wageni hurudi kuangalia vitu vyao.

Sisi hatukuhitaji picha. Tulikuwa na mguu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, na nilimwomba anichongee mguu wa fisi kwa raba, vidole vinne na kucha, aupige msumari kwenye kijiti. Unaugandamiza kwenye mchanga, unatoa unyayo kama wa fisi mwenyewe. Nilimwambia achonge minne. Akasema raba ni ya viatu, na fisi wa kufundisha maneno mguu mmoja unamtosha. Akachonga wa mbele, wa kulia. Nao ukakaa darasani miaka yote, umetundikwa karibu na ubao, na watoto waliuita fisi wa darasa.

Na mguu huo ndio ulioleta kazi ya asubuhi, ambayo naipenda kuliko zote na ambayo naomba Mwalimu Kendi asiiache. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani watoto walifagia uwanja kwa matawi mpaka ukawa laini. Usiku ukipita, asubuhi uwanja umeandikwa. Hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kuukanyaga kabla ya watoto. Mimi nasimama mlangoni nauliza, "Nani amepita?" Wanachuchumaa, wanasoma. Kuku amepita. Mbwa amepita. Nyoka amepita. Pikipiki imepita. Baba Mwenda amepita, na alikuwa anayumba. Hawa ni watoto wa watu wa mifugo, ardhi wanaijua kabla hawajajua kunawa. Kazi yangu ilikuwa kuwapa maneno tu: unyayo, kucha, buruta, ruka, simama, kimbia. Siku nyingine nilikuwa nawahi kabla yao, naweka unyayo wa fisi mmoja hapa na mmoja pale, wanapiga kelele za furaha, "Fisi wa darasa amepita."

Mwalimu Darmi alipozeeka akarudi kwa watu wake huko Merti, nikabaki mimi. Walikuja walimu wa cheti wakaenda, mpaka akaja Mwalimu Kendi, ambaye nilimshuku mwaka mzima kwa sababu alikuwa mpole. Baadaye niliona ni mpole kweli. Watu wa namna hiyo wapo, lakini chunguza kwanza.

Sasa nifike kwa Talaso, na kwa yale mambo ya mbuzi.

Talaso aliletwa ukame huu wa juzi, wakati watu wa Biliqo walikuwa wanashuka mjini kwa sababu huko hakukuwa kumebaki kitu cha kuchunga. Alikuwa na miaka mitano, anakaa kwa shangazi yake. Shangazi alimshika bega akanisukumia. "Ako, huyu haongei. Hata nyumbani." Ako ni bibi kwa Kiborana, na ndivyo kina mama wengi walivyoniita. Nikamtazama mtoto. Macho yalikuwa yanahesabu darasa zima: mlango, dirisha, mimi, sufuria. Mtu bubu hatazami hivyo. Nikamshuku pale pale. Nikamwambia shangazi, "Anaongea. Hajaona wa kuongea naye."

Muhula wa kwanza hakusema kitu. Muhula wa pili hakusema kitu. Lakini nikifunga magunia, giza likiingia, fisi akifika penye njia mbili, nilikuwa namwona midomo inacheza. Alikuwa anayachukua maneno na kuyaweka, kama mwanamke anayeficha sukari. Fisi alisimama penye njia mbili muda mrefu mwaka huo, akimngoja Talaso. Watoto wengine walichoka. Mwenda, mtoto wa muuza miraa, aliniuliza, "Nyanya, huyu fisi hafi?" Nikamwambia, "Muulize Talaso."

Mwaka huohuo kina mama wa darasa walikuwa wameweka mbuzi wao wa maziwa katika boma moja nyuma ya uwanja wetu. Kila mama alikuwa na wawili watatu waliobaki, na maziwa yaliingia kwenye uji wa watoto. Soja wa boma, mlinzi wa usiku, alikuwa Ebei, mume wa binti yangu Akai. Walimpa kazi hiyo kwa sababu ni mkwe wangu, na walimlipa kwa maziwa. Mbuzi wake mwenyewe walikuwa wamekufa wote. Mwanamume mzima, alikuwa anapeleka nyumbani maziwa ya mbuzi wa wanawake, kwa kikombe.

Asubuhi moja nikafika nikakuta kelele. Mbuzi wanne hawapo. Ua wa miiba umefunguka mahali, kuna manyoya kidogo kwenye mwiba, na kutoka hapo unyayo wa fisi umekata uwanja wetu mpaka barabarani. Wazazi walikuwa wamesimama nje ya ua wananyoosha vidole. Ebei alikuwa katikati yao, anaeleza.

"Nilimsikia. Nikatoka na rungu. Alikuwa mkubwa, namna hii. Ni huyu ambaye anaitwa kila siku humo ndani. Mnaita fisi mchana, mnafikiri hataitika?"

Mama mmoja akasema, "Si nilisema? Nilisema hii hadithi ya mchana italeta neno."

"Wanafunga magunia," mwingine akasema. "Jua ni jua tu, hata ukilivalisha gunia."

Shangazi ya Talaso akamshika mtoto mkono. Wengine nao wakaanza kushika watoto wao. Mzee Guyo, mwenyekiti wa wazazi, mtu wa haki na wa msikitini, akanijia. "Salaam aleikum, Mwalimu. Umesikia wanavyosema. Watu wamepoteza mbuzi. Wanataka darasa lifungwe, na hiyo hadithi iishe."

Nilimtazama Ebei. Kwetu mkwe hamtazami mama wa mke wake usoni, na hali chakula mbele yake. Ni heshima. Miaka yote nilimsifu kwa hilo, na siku hiyo nikaona ubaya wake: mtu ambaye desturi imemwambia atazame chini, huwezi kujua ni lini anatazama chini kwa sababu nyingine. Lakini nilikuwa nimeshuku tayari. Ebei ni mtu wa maneno machache. Asubuhi ile alikuwa nayo mengi.

Nikamwambia Mzee Guyo, "Sawa. Wachukueni. Lakini wafanye kwanza kazi yao ya asubuhi." Hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga uwanja. Hata kwa hasira walikuwa wamezunguka nje ya ua, kwa mazoea.

Nikasimama mlangoni kama kila siku. "Nani amepita?"

Watoto wakaachia mikono ya mama zao wakaingia uwanjani, wakachuchumaa.

"Mbuzi wamepita," wakasema.

"Walikimbia?"

"Walitembea." Huyo alikuwa Mwenda. "Pole pole. Mmoja alisimama akakojoa."

Wazazi wakasogea karibu na ua. Mbuzi aliyeshikwa na fisi hasimami kukojoa.

"Na nani mwingine?"

"Fisi," wakasema wawili watatu. Halafu mmoja akaanza kucheka, wengine wakacheka, wakaangaliana kama watu waliokuta jamaa yao sokoni. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa mbali, na macho yangu si yale ya zamani.

Talaso alikuwa amechuchumaa peke yake karibu na ua. Akainuka. Akanitazama, si mwingine. Akasema, kwa sauti nzito kidogo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi:

"Huyu ni fisi wa darasa."

Shangazi yake akashika mdomo.

"Unasema nini, Talaso?"

"Ana mguu mmoja. Huu." Akainua mkono wa kulia, kisha akanyooshea nyayo nyingine kidole. "Na huu pia ni huu. Na huu ni huu. Kushoto hana."

"Na miguu ya nyuma?"

Akatazama chini tena, akahakikisha. Hakuwa na haraka.

"Hana. Amevaa viatu."

Mtu mmoja alicheka nje ya ua, kisha akaacha.

"Viatu vya nani?"

"Vya soja," akasema Talaso. "Kisigino hiki ni kingine."

Ebei alikuwa na akala ambazo marehemu mume wangu alimtengenezea, na kisigino kimoja alikibandika mwenyewe baadaye kwa tairi nyingine, yenye mistari ya kulala. Kila mtoto pale alikuwa amesoma kisigino kile kila asubuhi. Nami nilipogeuka kuangalia ndani, mguu wetu ulikuwa kwenye msumari wake karibu na ubao, una mchanga mbichi katikati ya vidole. Ebei alikuwa ameuchukua, akaswaga mbuzi mbele yake, huku nyuma anagonga chini kama mzee mwenye mkongojo. Mtu aliyezaliwa katika mifugo, anayejua fisi kuliko anavyojua jirani zake, alisahau kwamba fisi ana miguu minne. Nafikiri ni giza. Au nafikiri alikuwa amelinda karibu na shule ile kwa muda mrefu hata akaamini kwamba watoto wanacheza tu.

Ebei alitazama chini.

Mzee Guyo alivuta ndevu. Alisema jambo hili limekuwa kubwa, si la kuamuliwa kwa hasira, wazee watakaa kesho baada ya sala. "Lakini mtoto ana miaka mitano," akasema, "na Kiswahili si chake, na tunaambiwa hajawahi kuongea. Wewe ndiye mwalimu wake. Kesho utatuambia kama anajua anachosema. Ukisema anajua, basi. Ukisema hajui, basi."

Mnaona hapo mahali nilipowekwa. Nikisema mtoto anajua, mkwe wangu ni mwizi, na nyumba ya binti yangu imeanguka. Nikisema hajui, ni fisi, na fisi aliitwa na mimi, darasa linafungwa, na Talaso, ambaye amefungua mdomo mara moja maishani mwake mbele ya watu, ameambiwa alikosea.

Mchana huo walinifuata nyumbani. Akai alikuja na kaka mkubwa wa Ebei, mtu anaitwa Lokwang, ambaye huongea vizuri na kwa hiyo simpendi. Aliketi, akasifu chai, akauliza afya ya kuku wangu. Nikamngoja.

"Mama Akai," akasema, "wewe ni mtu mzima. Hakuna anayesema mtoto ni mwongo. Mtoto ni mdogo. Anachanganya. Leo anaita mbuzi kondoo, kesho anaita kiatu mguu. Wewe mwenyewe si unatuambiaga vile wanachanganya, tunacheka?"

"Wanachanganya," nikasema.

"Basi. Useme hivyo tu. Kwamba anachanganya. Si uongo."

"Huyu hakuchanganya."

"Nani atajua?"

Nikamtazama. Hilo ndilo swali ambalo mtu mwenye haki haulizi.

Akai alikuwa ameketi chini karibu na jiko, na mtoto wake mdogo mgongoni. Akasema, "Mama, watoto wangu walikuwa wanakunywa maziwa ya kupimiwa. Kila jioni anarudi na kikombe, anakiweka chini, hanitazami. Wewe hukumwona. Alitaka tu kuwa na mbuzi wake tena."

Hilo liliniingia. Sitawadanganya. Fisi wa hadithi mimi namcheka mbele ya watoto, lakini njaa yake naijua, niliila mwaka wa kabeji. Nilichochea moto. Lokwang akadhani nimekubali, akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Ni neno dogo tu, Mama Akai," akasema. "Alichanganya. Basi, imeisha."

Nikawaambia, "Neno nikishampa mtoto, silichukui tena."

Lokwang aliweka kikombe chini bila kumaliza.

Kesho yake nilisimama mbele ya wazee nikasema mtoto anajua. Nilisema kulia anakujua, kushoto anakujua, unyayo anaujua, kiatu anakijua, na kwamba alingoja mihula miwili asije akasema kitu asichokijua, na mimi sijui mtu mzima wa hapa aliyewahi kungoja hivyo. Ebei hakubisha. Mbuzi wawili walipatikana katika boma la mtu nje ya mji. Wawili walikuwa wameshaliwa. Wazee waliamua alipe, akalipiwa na ndugu zake, na akaondoka. Anakaa Leparua kwa watu wa mama yake, anachunga mbuzi wa wengine. Hakuna aliyemfukuza. Alishindwa kupita kwenye mchanga ambao watoto wanamsoma.

Darasa halikufungwa. Kina mama walirudisha watoto siku hiyohiyo, wengine bila kunitazama. Yule mama wa gunia alileta gunia jipya, akasema lile letu lina matundu, jua linaingia. Nilimaliza hadithi. Fisi alipasuka hatimaye, Mwenda akashangilia, na Talaso akauliza kama aliumia. Sasa yuko darasa la kwanza, na mwalimu wake amenilalamikia kwamba hanyamazi. Nikamwambia ni akiba yake, amwache atumie.

Hizo ndizo kazi nilizofanya. Mwalimu Kendi, mambo ya mafuta ya kondoo na lesso yachukue, na uwanja ufagiwe kila jioni. Mkileta simu zile kubwa za kuchorea na kuimba, zileteni, lakini mwulize mtoto tena kwa kitu. Na mtu akija kukusifu kazi yako kabla hajakuambia shida yake, usimpe kiti.

Akai hukaa nami sasa, yeye na watoto. Tunapika pamoja, tunateka maji pamoja, hatugombani. Jumapili hii tulikuwa tunachambua maharagwe, na akaanza tena, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango ambao alishaujaribu.

"Mama, sasa umestaafu. Hakuna mtu atakufungia darasa."

Nikaendelea kuchambua.

"Mzee Guyo bado anakusikiliza. Ukimwambia tu labda yule mtoto alichanganya, labda ilikuwa giza, labda kisigino kilikuwa cha mtu mwingine. Labda tu. Ebei atarudi. Watoto wanamuuliza. Huyu mkubwa ameanza kusoma unyayo, kila asubuhi anatoka nje anaangalia kama baba yake amepita."

Nikaacha maharagwe. Mvulana alikuwa nje kweli, amechuchumaa.

"Talaso mwenyewe hatakumbuka," Akai akasema. "Ni neno moja, Mama."

Nilimpenda Akai kabla hajajua neno lolote. Maneno yake ya kwanza nilimpa mimi, kwa mikono hii. Nikamshika mkono, uliokuwa na vumbi la maharagwe, nikamwambia.

"Neno nikishampa mtoto, silichukui tena."